Kitalu cha bi mkubwa njia ya Mikindani, kwa sisi tuliohamia Mtwara tukitoka kwenye baridi

Naandika hii kwa wenzangu mliopangiwa kazi Mtwara mkitokea juu huko, Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya, na ambao mkono hautulii usiposhika jembe. Kama we ni wa kununua fungu la mchicha sokoni ukaishia hapo basi pita tu, itakuchosha, maana leo nina maneno mengi.

Mimi ni mwalimu, nimekulia Njombe kwenye vinyungu vya mama, zile bustani za bondeni, na siku nakuja kuangalia nyumba ya kupanga huku, mwezi wa saba mwaka juzi, dalali ananionesha choo cha ndani na sinki la jikoni mi niko dirishani naangalia uwani. Uwanja upo, mkubwa tu, una mkorosho mmoja mzee, minazi miwili, na mchanga. Nikisema mchanga namaanisha mchanga, ule wa kujengea. Baba mwenye nyumba nikamwomba ruhusa nilime, akasema lima tu mwalimu, si unaona ardhi yenyewe imelala. Akacheka kidogo. Sikuelewa anacheka nini.

Sasa kabla sijafika kwenye kitalu chenyewe niseme kwanza nilivyoharibu, maana bila hapo hamtaona kwanini namsifia mama ambaye biashara yake haina hata kibao.

Kosa la kwanza kalenda. Njombe mvua ni msimu mmoja, inaanza mwezi wa 11 inaisha wa 4 au wa 5. Nikauliza watu huku, nikaambiwa inaanza wa 11 mwishoni au wa 12, inaisha wa 4. Nikasema ahaa, kumbe ni kwetu tu ila wao wana bahari. Hata ramani ukiiangalia Njombe na Mtwara zimekaa karibu mstari mmoja, hakuna aliyeenda kaskazini sana wala kusini sana. Basi mwezi wa nane nikaingia kazini kama nyumbani, maana wa nane kwetu ni muda wa kinyungu, unashuka bondeni kwenye udongo mweusi wenye unyevu wake, unapanda kabichi, viazi, maharage, unakula mboga mbichi wakati wenzio wa mlimani wanasubiri mvua. Mi bonde sina, nina bomba. Nikaona ni kitu kilekile.

Kosa la pili matuta. Mama alinifundisha tuta linainuliwa, lifike magotini, maji yasituame na udongo upate joto asubuhi. Hebu fikiria, nimekaa Mtwara nahangaika udongo upate joto! Majirani walikuwa wanapita wanasimama wanaangalia yale matuta yangu marefu kama makaburi, wanasema "hongera mwalimu", wanaendelea na safari.

La tatu mbegu. Kuna duka moja la pembejeo, silitaji na msiniulize inboksi, nilienda nikataka kabichi, karoti na maharage. Kijana akachomoa pakiti akapiga hesabu akanipa. Hakuuliza napanda wapi, hakuuliza napanda lini, hakuuliza nina maji gani. Nimefika nyumbani nageuza pakiti ya kabichi nakuta muda wake umeisha miezi minne iliyopita. Nikarudi, akasema mbegu haiozi dada, we panda. Nikapanda kwa sababu hela imeshatoka. Viazi nilikuwa nimekuja navyo vya mbegu toka nyumbani, nusu salfeti.

Matokeo yake ni haya. Kabichi ziliota kama theluthi, zikakua majani yakatandazika kama mikono ya mtu anaomba dua, hazikufunga hata moja. Karoti ziliota mistari miwili zikaungua zikiwa saizi ya uzi. Maharage yakachanua yakadondosha maua yote. Viazi ndo viliniumiza, maana majani yalikuwa marefu ya kijani nikayapiga picha nikamtumia mama, nimekuja kuchimba nakuta gololi. Kweli kabisa, gololi za kuchezea watoto. Kuna mwalimu wa jiografia pale shuleni akanichora ubaoni, kwamba kila mita 1,000 unazopanda joto linashuka digrii kama 6, Njombe iko karibu mita 2,000 na huku tuko usawa wa bahari, kwa hiyo nimeshuka kama digrii 12 na viazi vyangu begani. Kiazi ulaya kinataka usiku wa baridi ili kiweke chakula chini, usiku ukiwa wa joto kinakitumia chenyewe kile kilichotengeneza mchana, huku juu kinanawiri, chini hakuna akiba. Nikamwambia kumbe ni kama mshahara wangu.

Na sijataja maparachichi. Nilisafiri na miche minne ya Hass kwenye basi, Njombe, Songea, Tunduru, Masasi, mpaka Mtwara, zaidi ya kilomita 800, nimeipakata kama watoto, konda ananilipisha mzigo. Mmoja ulikufa Tunduru. Mitatu nikaipanda upande wa mbele unaopigwa na upepo wa kusi, ule wa chumvi chumvi, wiki ya tatu ncha za majani zikawa kahawia kama zimebabuliwa na pasi.

Mwezi wa kumi, jua liko utosini, nimekaa barazani nimekunja uso, dada mmoja anayepitaga na beseni la ming'oko akasema we mwalimu, kwanini usiende kwa bi mkubwa wa miche. Ndo nikaenda.

Kwa kufika, unapanda daladala za Mikindani, unamwambia konda akushushe kwenye miche, wanapajua wote. Ni chini ya mwembe mkubwa, kuna kivuli cha makuti kimejengwa kwa miti, chini yake viriba vimepangwa, na siyo viriba vyote ni vya dukani, vingine pakiti za maziwa, vingine chupa za maji zimekatwa, kuna hata ndala imetumika kuzibia tundu la pipa. Usiende unategemea sehemu ya kupiga picha. Yeye mwenyewe ni mama mtu mzima, kitenge kiunoni na kingine begani, anakaa kwenye kigoda na panga dogo, mjukuu wake ndo anazunguka na keni ya kumwagilia.

Nikaamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu. Nikasema nataka miche ya kabichi hamsini. Hakunitajia bei. Akaniuliza unamwagilia maji ya nini, bomba au kisima? Kisima chenu sabuni inatoa povu? Nyumba iko upande wa bahari au ndani ndani? Kwenu kuna mbuzi wanazurura? Yani nilikuwa nimeenda kununua nikajikuta natoa maelezo kama niko dirisha la wagonjwa wa nje. Nikajibu yote, bomba linakata siku mbili tatu kwa wiki, hapo natumia kisima, povu linasumbua maana kina chumvi, mbuzi wapo wa jirani. Akasema kabeji sikuuzii.

Nikadhani hana. Akasema kabeji za joto zipo, watu wanalima, ila zinataka ziingie ardhini mwezi wa tano, wa sita, kipindi kuna kaubaridi, na zinataka maji ya kueleweka. "Nikikuuzia leo utarudi mwezi wa kumi na mbili na maneno, na mimi sitaki maneno." Hamsini mara shilingi 100 ni 5,000, siyo hela ndogo kwa mtu anayekaa chini ya mwembe siku nzima, na aliiacha ikaenda. Hapo ndo alinipata.

Basi nikasema labda nipate hata mti wa matunda, nikamuuliza kwa utani una tufaha? Maana kwetu Njombe tufaha zinakubali, wengine tunaita epo. Akasema tufaha ninalo. Jamani nilifurahi! Nikajua yule wa jiografia kanidanganya. Akamtuma mjukuu, akaja na mche una majani mapana marefu yanang'aa, nikauangalia nikasema mama hii siyo tufaha. Akasema hii ndo tufaha. Tukabishana pale kidogo kwa heshima, mi namwambia tufaha majani yake madogo, yanadondoka kipindi cha baridi, yeye ananiambia tufaha gani hilo la kudondosha majani, mti wa kwenu unaumwa. Mwisho akaingia ndani akatoka na simu ya mjukuu akanionesha picha, tunda jekundu refu kidogo kama pea. Kumbe tufaha la pwani ni tunda lingine kabisa, ndani jeupe, majimaji, lina kaharufu ka marashi, wala halina undugu na epo. Epo inataka baridi ilale usingizi ndo ichanue vizuri, huku italala saa ngapi. Nikanunua lile la kwao, 3,000. Limenipita kiuno sasa, bado halijazaa, nawaambia ukweli, ila kivuli chake tu kinanifurahisha.

Sasa kitu kilichonifanya nirudi ni alichonifanyia kabla sijaondoka. Alichota mchanga wa pale chini akaukamata kwa ngumi, akafungua kiganja. Ukamwagika wote katikati ya vidole kama sukari. Akaniambia udongo wenu unashika, huu wa kwetu unapita, sasa wewe umeinua tuta, umeupa maji njia mbili za kukimbia, chini na ubavuni. Huku tuta linachimbwa kwenda chini. Unachimba kama kitanda kilichozama, kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, chini unalaza makumbi ya nazi, tumbo limeangalia juu ili lishike maji kama bakuli, juu yake mchanga uliochanganywa na samadi iliyooza, nusu kwa nusu kama unaweza, unaacha uso wa tuta uwe chini ya ardhi kama vidole vinne, afu unafunika matandazo. Maji ukimwaga hayana pa kwenda isipokuwa kukaa. Makumbi usiyatie makavu, loweka siku tatu, kila siku umwage maji uweke mengine, yatoke ule utomvu mwekundu na chumvi.

Nilipofika nyumbani nilijaribu kwanza, mi ni mwalimu bwana lazima nijaribu. Tuta langu la zamani nikamwaga keni moja, nikasubiri, baada ya saa moja nikachimba kwa kidole, pakavu. Tuta jipya la kuzama lenye makumbi keni moja ileile, kesho yake asubuhi kidole kinatoka na unyevu. Nikabomoa matuta yote jumamosi moja. Majirani wakapita tena, safari hii hawakusema hongera, mmoja akasema "eeh, sasa unalima".

Na kalenda akanipa, haikuandikwa popote, imo kichwani mwake. Mwezi wa 5 mpaka wa 8 ndo kipindi cha mboga laini, chainizi, figiri, nyanya, karoti kama unazipenda sana, hata kabichi. Wa 9 mpaka mvua ianguke usishindane na jua, kaa na bamia, mchicha, matembele, kunde za majani, na hapo hapo uweke kivuli cha makuti kwa vitoto vyote. Mvua ikishuka wa 12 ndo unapanda miti, mihogo, mbaazi, kunde za kuvuna. Nyanya za masika usizilazimishe, ukungu na mnyauko vitakufilisi. Kwa hiyo kinyungu changu cha mwezi wa nane kilikuwa kinaingia mlangoni wakati wenye nyumba wanatoka. Mvua ni ya miezi ileile kweli, ila udongo wa kwetu unaiweka akiba na ukungu wa asubuhi unaongezea, huku mvua ikiisha imeisha, mwezi wa 7 ukichimba unakutana na vumbi.

Maharage akaniambia niyasahau, yanachukia joto na yanachukia maji ya chumvi zaidi ya mboga yoyote, nikale kunde. Sikupenda. Mtu wa Njombe umnyang'anye maharage! Ila kunde zake nilipanda, majani tukachuma wiki ya nne, na mvua ilipokuja nikavuna na punje. Kisamvu chake ni kile cha mpira, mti unasimama mwaka mzima huna habari nao. Na mchicha ndo mkombozi, ile maji ya kisima ambayo iliunguza kila kitu mchicha unaikunywa tu, japo nikiona ule ukoko mweupe juu ya udongo naukwangua nasubiri bomba litoke nimwagie mengi kuiosha chumvi ishuke.

Mara ya pili nilienda kununua sumu. Ule mkorosho wangu ulikuwa na sisimizi wekundu, wanajenga viota kwa kushona majani, ukipita chini wanakudondokea shingoni, wanauma mpaka unavua shati njiani. Huku wanaitwa maji moto na jina lenyewe linajitosheleza. Kwake kuna sumu kidogo anauza, zipo kwenye boksi. Nikamwambia nataka ya kuua maji moto. Akanikatalia tena! Akasema hao ndo askari wa mkorosho wako, wanakula mbu wa mikorosho (mdudu anayefyonza machipukizi, siyo mbu wa kuuma watu) na wadudu wanaotoboa nazi changa, ukiwaua mwaka huu mwakani unakuja kwangu kununua sumu tatu badala ya moja. Akasema we funga kitambaa kichwani unapookota mabibo, afu matawi yanayogusa ukuta kata, hawatakuja ndani. Nilibaki mdomo wazi. Baadae nikamsikia na bwana shamba mmoja anasema vilevile. Msimu uliofuata mkorosho mmoja ule ulinipa debe na kitu, na sikupuliza hata salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, japo ubwiriunga, ule ukungu mweupe kama unga, kidogo ulinigusa maua ya juu. Kuhusu salfa, kama unakaa karibu na mashamba jua kwamba mwezi wa 6 na wa 7 watu wanapuliza, asubuhi unaamka hewa inanuka kiberiti, macho yanawasha, mboga zako zinapata unga wa njano. Osha vizuri tu ule.

Sasa mabaya, maana hii siyo harusi nimekuja kutoa nasaha za kumsifia bibi harusi.

Samadi yake msiiamini macho yamefumba. Mifuko mitatu niliyoletewa kwa guta mwezi wa tatu, salfeti 3,000 pamoja na usafiri 5,000, miwili ilikuwa safi, mmoja ulikuwa kinyesi cha kuku kibichi kabisa, nilipoingiza mkono kilikuwa cha moto. Sikuwepo wakati kinamwagwa, mdogo wangu alikitia kwenye tuta la mchicha siku hiyohiyo. Siku nne mchicha wote njano, umeungua mizizi. Nilienda nimevimba. Hakubisha, alimwita mjukuu, akamuuliza umechota rundo lipi, mjukuu akaangalia chini. Nikapewa mfuko mwingine wa ng'ombe, uliooza, mweusi, unanuka udongo, bure. Ila mchicha wangu haukurudi. Kwa hiyo ingiza mkono mwenyewe kwenye kila mfuko kabla hujalipa, ukiwa wa moto au unanuka choo urudishe.

Miche ya pilipili ya mara ya mwisho ilikuwa na inzi weupe chini ya majani. Ukiigusa vinaruka kama unga. Nadhani ni kwa sababu viriba vimebanana sana pale, na mwezi wa kumi kivuli chake kinakuwa na joto la kutosha. Alinipa dawa ya majani ya mwarobaini na sabuni ya kipande, nikanyunyiza jioni mara tatu, ikapungua, ila mi nadhani ukiuza mche ugeuze jani kwanza.

Papai sijui nimlaumu au nijilaumu. Nilinunua miche sita, 1,000 kila mmoja. Aliniambia panda mitatu kila shimo, ikichanua utaona dume na jike, madume ng'oa ubaki na moja la kupandishia. Mi nikaona huyu anataka ninunue miche mingi, nikapanda mmoja mmoja kwa mashimo sita. Manne yakatoka madume, maua yananing'inia kwenye vikonyo virefu mazuri kweli ya harufu, papai hakuna. Mawili ndo yanazaa. Nilimpelekea habari akacheka mpaka akafuta machozi na kitenge, akasema mwalimu hata wewe hufundishiki.

Risiti hatoi. Kama unanunulia shule au taasisi mtasumbuana, andaa karatasi yako mwenyewe asaini. Simu inapokelewa akitaka mjukuu. Bei haziandikwi, na nahisi kipindi cha hela za korosho, mwezi wa 10 mpaka wa 12, zinapanda kidogo, mche wa embe wa kubebesha niliununua 5,000 mwezi wa 5, rafiki yangu kaambiwa 7,000 mwezi wa 11. Naelewa, ila useme tu.

Watu wananiuliza kwanini nisiende kuchukua miche sehemu za serikali. Mikorosho ndiyo, nenda kwa wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, korosho ndo kazi yao na miche yao ni ya uhakika, hata yeye bi mkubwa mikorosho hauzi, anakuelekeza huko huko. Ila ukitaka mtu wa kukwambia uwani kwako pale nyuma ya jiko panafaa tembele au ndimu, utampata chini ya mwembe.

Maparachichi yangu matatu, kama mnataka kujua, moja tu ndo hai. Nilimpelekea jani kwenye mfuko, akalisugua, akaonja ncha kwa ulimi (mi sijawahi kuona mtu anaonja jani), akasema chumvi hiyo, na mti wenyewe ni wa baridi. Tukauhamishia nyuma ya nyumba mvua zilipoanza, shimo kubwa, ukuta unaukinga na kusi. Upo, umetoa majani mapya, hauna furaha. Akaniuzia parachichi la kienyeji la mbegu za pwani liko pale pembeni yake na limeshampita mwenzie urefu, kila asubuhi nikimwagilia naona kama ndugu wawili mmoja kalishwa mwingine hajalishwa.

Na ya juzi juzi. Mama yangu Njombe nimemsimulia lile tufaha la pwani mpaka akalitaka, akaniambia nikija likizo mwezi wa sita nimletee mche apande karibu na mapichi. Nikaenda kwa bi mkubwa, nikamwambia nataka tufaha lingine. Akainuka kulichukua, akageuka, akauliza la kupanda wapi. Nikasema kwa mama, Njombe. Akauliza huko mwezi wa sita kukoje. Nikamwambia ukweli, kuna siku unaamka sakitu imelala juu ya majani kama chumvi, ukikanyaga inalia. Akakaa tena kwenye kigoda. Akasema mpelekee mama korosho, kilo mbili zilizobanguliwa.

Nyota 4 kati ya 5, hiyo moja imeenda na mchicha wangu. Yupo kuanzia saa moja asubuhi mpaka jua likizama, ijumaa mchana anafunga anaenda kuswali anarudi saa tisa. Beba taslimu za chenji, beba na boksi au beseni la kubebea maana mifuko hana, na ukitoka nyumbani chota mchanga wa uwani kwako kwenye kopo, lazima atauliza. Chainizi za mwezi wa tano anaanza kuzisia wiki hii, nimeshaweka oda ya thelathini.